Hoteli za ufukweni Zanzibar na mtindo wa kumkamua mgeni siku ya kuondoka

Wakuu, heshima kwenu.

Nilisubiri hasira ipoe ndipo niandike. Haikupoa, kwa hiyo naandika nayo. Tulikuwa kundi la marafiki tuliosoma pamoja chuoni, tukachanga fedha kidogo kidogo hadi zikatosha kwenda kupumzika katika hoteli moja ya ufukweni huko kusini mashariki mwa Unguja, kati ya Paje na Jambiani. Jina la hoteli silitaji kwa kuwa barua yangu ya malalamiko bado iko mezani kwao. Siku za mwanzo zilikwenda vizuri, na sina neno juu ya chakula, usafi wala bahari yenyewe. Lalamiko langu ni la siku ya mwisho, ambayo kwa wenye hoteli hii inaonekana ndiyo siku ya mavuno: mgeni ameshafunga mizigo, gari linamngoja, boti ya Dar es Salaam haimsubiri mtu, na chochote utakachomdai wakati huo atakilipa ili mradi aondoke.

Asubuhi hiyo ilianza na safari ya ngalawa kwenda mwambani kutazama samaki, ambayo dawati la matembezi lilituuzia siku mbili kabla, fedha taslimu, na kutupangia saa tatu asubuhi. Wanaoifahamu pwani ile nadhani wameshaanza kucheka. Mwezi ulikuwa mpevu na bamvua limeingia, yaani zile siku ambazo bahari hupwa na kujaa kupita kawaida, na wakati wa bamvua maji ya upande ule hukupwa hadi mwisho wake karibu na saa nne asubuhi, kisha hujaa tena mpaka mnamo saa kumi alasiri. Tuliposhuka ufukweni tulikuta ngalawa imekaa juu ya mchanga mkavu, kamba ya nanga imelala chini, na mbele yetu uwanda mtupu ulionyooka hadi kule mwambani mawimbi yanakovunjikia. Akina mama walikuwa wameinama kwenye vigingi vyao wakivuna mwani na kuushindilia magunini. Kilimo hicho kipo Paje na Jambiani tangu 1989, na kila anayekifanya anajua siku nyingi kabla ni saa ngapi bahari itakuwa tupu. Hata simu ya mkononi inatoa jedwali la maji bila malipo. Hoteli iliyojengwa hatua chache kutoka kwenye mchanga huo haiwezi kuniambia kwamba haikujua.

Nahodha, mzee wa makamo aliyekuwa amekaa kivulini akishona tanga lake, alituonea huruma. "Wanangu," alisema, "hawa wanajua kama leo bamvua. Wao wanauza tu." Tulirudi kwenye dawati kudai fedha zetu, tukajibiwa kwamba bahari ni ya Mungu, hoteli haina mamlaka nayo, na malipo ya matembezi hayarudishwi. Ningelipokea jibu hilo kama ungevuma upepo mkali ghafla au ingeshuka dhoruba, lakini kupwa na kujaa si ajali. Kisha wakatupa njia mbadala: turudi saa tisa alasiri, maji yakiwa yamejaa. Saa tisa tulitakiwa tuwe bandarini Malindi.

Tukiwa bado tumeduwaa, ikafika saa nne. Kifurushi tulicholipia kilikuwa cha kila kitu ndani, yaani malazi, milo, vinywaji na kodi zote, na ujumbe wa uthibitisho ambao ninao hadi sasa unasema wazi kwamba siku ya kuondoka tutapata chakula cha mchana. Boti ilikuwa ya saa kumi alasiri, na tulipanga kuondoka saa saba kwa kuwa mwendo wa gari hadi mjini unazidi saa moja. Kijana mmoja alitufuata pale tulipoketi, mkasi mkononi, akatukata zile bangili za plastiki tulizovaa kama alama ya wageni wa kifurushi, mmoja baada ya mwingine, rafiki yetu mmoja akiwa bado ana glasi ya juisi mdomoni. Tangu dakika hiyo tukageuka wapita njia. Maji ya kunywa yakawa ya kununua, bwawa likawa la wageni, na chakula cha mchana kilichomo kwenye ujumbe kikawa shilingi 45,000 kwa kila mtu. Nilipouonyesha ujumbe huo mapokezi, nikaambiwa kwamba uliandikwa na watu wa mauzo, na mapokezi wana utaratibu wao. Tuliilipia kampuni moja au mbili?

Bili ndiyo iliyonimaliza kabisa. Tuliiomba tangu kifungua kinywa ili kama kuna deni tulijue mapema, na kila mara tuliambiwa mhasibu anaiandaa. Ikaletwa saa saba kasoro robo, dereva akiwa amekwisha kupakia mabegi. Humo tulikuta kodi ya miundombinu, ambayo ni kodi halali inayotozwa kwa mgeni kwa kila usiku, isipokuwa kwamba ujumbe wao wenyewe ulisema imo ndani ya kifurushi. Tulikuta glasi iliyovunjika ambayo hakuna aliyeweza kusema ilivunjwa wapi wala lini. Tulikuta pia taulo la ufukweni "lililopotea", lenye mistari ya buluu, kwa dola 25. Mwenzetu mmoja, mtu mpole asiyependa ugomvi, alitoka kimya kimya akazunguka nyuma ya jiko, akalikuta taulo lenye namba ya chumba chetu limeanikwa kwenye kamba pamoja na mashuka. Alilibeba likiwa bado bichi, akaliweka juu ya kaunta. Mstari huo ukafutwa kwa kalamu, bila neno la samahani, na mingine yote ikabaki.

Bili hiyo iliandikwa kwa dola. Kiwango cha kubadilishia kilikuwa kimeandikwa kwa mkono kwenye kikaratasi kilichobandikwa kando ya kikokotoo, nacho kilikuwa juu ya kile cha benki siku hiyo kwa zaidi ya shilingi mia. Sisi ni Watanzania, tuliweka nafasi kwa bei ya wakazi na vitambulisho vyetu vya NIDA tulivitoa siku ya kufika. Kanuni zilizotangazwa mwezi Machi 2025 zinakataza kutangaza bei na kudai malipo ya bidhaa na huduma za hapa nchini kwa fedha za kigeni, na masuala ya sarafu yamo katika orodha ya mambo ya Muungano, yaani yanayohusu Bara na Zanzibar kwa pamoja. Nilimuuliza meneja analionaje hilo. Alitazama saa yake, kisha akatukumbusha kwamba boti hufunga mlango kabla ya muda wa kuondoka. Tukalipa.

Nisieleweke vibaya: dada wa mapokezi alikuwa anatetemeka, na ni dhahiri kwamba hakuzipanga bei yeye. Wahudumu wengi walituaga kwa ukarimu, na bakshishi zao tuliwapa. Hasira yangu ni kwa waliokaa ofisini wakapanga kwamba bili isionekane mpaka mgeni akose muda wa kubishana nayo.

Ninachodai ni hiki. Warudishe fedha za ngalawa iliyouzwa kwa saa isiyo na maji, fedha za chakula cha mchana kilichokuwa kimekwisha kulipiwa, na kodi iliyotozwa mara mbili. Vilevile bili ya mgeni itolewe usiku wa kuamkia siku ya kuondoka, kwa shilingi, ili aikague akiwa ametulia. Barua yangu imewapa wiki mbili. Zikipita bila jibu, nakala za bili, ujumbe wa uthibitisho na picha ya taulo kwenye kamba zitakwenda Kamisheni ya Utalii Zanzibar na Tume ya Ushindani Halali wa Biashara. Kama kuna mwanajamvi aliyewahi kufikisha shauri la aina hii katika ofisi mojawapo kati ya hizo, naomba anieleze alianzia dirisha lipi na walimtaka alete nyaraka gani.