Mzee wangu alipigana Kagera, anataka kusema ya Masaka mbele ya wanafunzi. Nimzuie au nimwache?

Binti wa Fundi

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za leo. Nina jambo linaninyima usingizi, na naomba msinitukane kabla hamjamaliza kusoma.

Baba yangu alikuwa mgambo wa Vita vya Kagera. Alitoka Singida mwishoni mwa 1978 akiwa na miaka 22, baada ya ile hotuba ya Mwalimu ya uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Akarudi na medali moja na kovu la kipande cha bomu kwenye ugoko. Kila Julai 25, Siku ya Mashujaa, pale kwetu anapewa kiti cha mbele na soda, kisha anasahauliwa mpaka mwaka unaofuata. Safari hii mkuu wa sekondari ya kata amemwomba azungumze na wanafunzi nusu saa nzima.

Akaniita nimwandikie, maana mkono wake unatetemeka. Tulianza vizuri: daraja la Kyaka kubomolewa, mizinga, matope, Aprili wakaingia Masaka, Uganda. Hapo akanyamaza. Akanyoosha kidole kwenye cherehani ya mama. "Na hiyo iandike."

Wote tumekua tukiambiwa ile Singer ilinunuliwa Bukoba wakati wa kurudi. Ni ile nyeusi yenye maua ya dhahabu, ambayo maua ya upande wa kulia yamefutika kwa mkono wa mama. Kumbe ilitoka Masaka. Anasema walipoingia, mji ulikuwa umeshapigwa mizinga, na majengo yaliyobaki yakalipuliwa baadaye kulipiza ya Kagera. Yeye alikuwa kwenye kundi la kubeba masanduku ya baruti. Duka moja lilikuwa limelaza ukuta wa mbele barabarani, na ndani cherehani imesimama, kitambaa bado kiko chini ya sindano. Akafungua kichwa, meza akaiacha, kichwa akakitia kwenye gunia la mahindi. Kile kitambaa, anasema, alikitoa kwanza akakikunja akakiweka juu ya meza. Sijui kwa nini hicho ndicho kilichomtoa machozi.

Sasa anataka kuyasema hayo mbele ya watoto, halafu cherehani irudishwe Uganda. Mama amewaka: "Hii ndiyo iliyowasomesha. Mrudishe na vyeti vyenu." Kweli, karo yangu yote imepita pale barazani. Mdogo wangu yuko jeshini, anasema mzee atamharibia. Na wapo wazee wawili waliokwenda naye, bado hai, watakuwa wamekaa mstari wa mbele siku hiyo hiyo.

Nifanyeje?

Kobe Mzee

Mzuie. Utapataje ujasiri wa kumsimamisha shujaa mbele ya watoto ajiite mwizi? Nani alianza? Amin aliingia kwetu Oktoba 1978, akatangaza ardhi yote ya kaskazini ya mto Kagera ni yake. Watu wamechinjwa, ng'ombe wameswagwa kuvuka mpaka, kiwanda cha sukari kimevunjwa. Nani ametuletea hata bati moja? Watoto wa leo uzalendo wenyewe wa kuazima, ukiwapa na hiyo ndiyo basi tena.

Kijana wa Misuna

Uzeni hiyo Singer, za zamani zina bei. Mtie mbuzi kwenye Mashujaa, kesi imekwisha 😂

Mwana Kyaka

Kobe Mzee, mimi ni wa huko unakokutaja. Bibi yangu alivuka mto usiku akiwa na mtoto mgongoni, huyo mtoto ndiye mama yangu. Shamba la migomba walilikuta limekuwa vichaka. Kwa hiyo machungu nayajua, sikuyasoma.

Lakini bibi alikuwa akisema kitu kimoja kuhusu wale askari wa Amin. Kilichomuuma kuliko nyumba kuchomwa ni mwanajeshi aliyeondoka na sufuria yake ya harusi, akaifunga mgongoni juu ya begi, inagonga kila akipiga hatua. Alikuwa akiigiza mlio wake, kwa, kwa, kwa. Mpaka anakufa aliamini kuna mwanamke mahali fulani anaipikia. Wala hakuwa na hamu ya kulipwa. Alitamani tu mtu mmoja aseme "niliichukua mimi."

Binti, mwache mzee aseme.

Afande Mstaafu

Kwanza nikusahihishe, binti yangu. Masaka iliangushwa Februari 24, 1979. Aprili 11 ni Kampala. Mpelekee mzee tarehe sahihi, maana wale wenzake wawili wakimsikia amekosea tarehe hawatamwamini na mengine.

Pili, hatoboi siri yoyote. Yaliyotokea Masaka na Mbarara yameandikwa siku nyingi. Wakati wa Mutukula, pale mpakani upande wa Uganda, Januari, raia waliuawa na Mwalimu alikasirika sana, ikatoka amri raia wasiguswe na mali zao zisiguswe. Amri ilikuwepo. Sasa mpe kijana wa miaka 22 bunduki, mpitishe kwenye vijiji vya Kagera aone yaliyoachwa pale, kisha umfikishe kwenye mji wa adui uliokimbiwa na watu. Simtetei, nakueleza tu ilivyokuwa.

Mdogo wako asiogope. Hakuna askari anayeulizwa cherehani ya baba yake ya mwaka 79. Hata hivyo, mzee aseme "mimi", asiseme "sisi", na asitaje jina la mtu. Akisema "sisi tulichukua", wale wazee wawili atakuwa amewavua nguo hadharani bila ridhaa yao. Awaendee nyumbani kabla, awaambie anachokwenda kusema. Hiyo ndiyo heshima ya askari kwa askari. Kama watakasirika, wakasirikie sebuleni.

Nyanya wa Nyendo

Habari zenu. Mimi nimeolewa Mwanza lakini kwetu ni Masaka, Nyendo hasa. Nimesoma uzi huu mara mbili.

Kwetu askari wa Tanzania waliitwa bakombozi. Baba yangu aliwapenda mpaka mwisho kwa sababu walimwondoa Amin, na hapo hapo alikuwa akikuonyesha magofu mjini na kukuambia haya pia ni yao. Alikuwa akiyasema yote mawili kwa pumzi moja.

Sasa kuhusu kuirudisha. Mrudishie nani? Maduka mengi ya mjini Masaka yalikuwa ya Wahindi. Amin akawafukuza mwaka 1972, siku tisini, mtu anaondoka na sanduku. Maduka na vilivyomo wakapewa watu wake, wale tuliowaita mafuta mingi. Inawezekana kabisa hiyo Singer ilikuwa imeshaporwa mara moja kabla baba yako hajaikuta. Mwenyewe wa kwanza huenda alifia Leicester, Uingereza. Mwulize mzee kama anakumbuka chochote juu ya lile duka. Kama hakumbuki, asijisumbue kuipandisha basi. Mkileta cherehani Masaka mkaanza kuuliza ni ya nani, mtapata wenyewe kumi na watano kabla ya saa sita.

Mwalimu Zamu

Nafundisha historia kidato cha pili, hao hao anaokwenda kuzungumza nao. Kagera kwao ni aya mbili na tarehe. Nikiwauliza mgambo ni nani wanajibu ni wale wanaokimbizana na machinga. Hawajui kwamba wakulima na makarani walifundishwa kwata wiki chache wakapelekwa mbele, na kwamba kule Kaboya, Muleba, kuna makaburi zaidi ya 600 ya askari wetu.

Ushauri wangu ni wa mpangilio. Asianze na cherehani. Aanze na Kyaka, na wenzake waliobaki Kaboya, kisha ndiyo Masaka. Akitanguliza cherehani hawatasikia kingine. Na aache dakika kumi za maswali. Kuna mtoto atauliza kitu ambacho sisi wote hapa hatujakifikiria.

Kobe Mzee

Mwana Kyaka, pole kwa bibi. Sikujua. Bado nasema watoto ni wadogo, lakini kuanzia hapa nanyamaza.

Binti wa Fundi

Narudi na mrejesho, na asanteni, hata wewe wa mbuzi.

Nilimsomea baba majibu yote jana jioni. Ya Nyanya wa Nyendo aliniambia nirudie. Akakaa muda mrefu, kisha akasema juu ya mlango kulikuwa na maandishi yaliyopakwa rangi juu ya maandishi mengine, na yale ya chini yalikuwa ya kujikunja, hakuweza kuyasoma. Miaka yote hiyo hakuwahi kujiuliza ni ya nini.

Leo asubuhi ameenda kwa wale wazee wawili. Mmoja alimwambia, "Mimi nilichukua redio," wakacheka mpaka wakakohoa. Wa pili alimfungulia mlango, akamsikiliza amesimama, akamwambia siku hiyo ana msiba wa kwenda. Hakuna msiba, sisi tunaujua mtaa wetu. Baba hakumlaumu.

Cherehani inabaki. Atasema "mimi". Februari nimeiandika kwa wino mwekundu. Mama hajasema ndiyo wala hapana, lakini ameuliza mzee atavaa shati gani.

Limebaki dogo. Utepe wa medali umechanika katikati, unaning'inia kwa nyuzi mbili. Kuna anayejua unapatikana wapi hapa Singida?

Afande Mstaafu

Utepe hauuzwi dukani, binti yangu. Mpe mama yako aushone.