MJADALA: Je, ni sahihi kuendelea kuuza na kufundishia moduli ya IRF520 kwa bodi za volti 3.3?

Mfungua mada

Wadau, tulijadili hili bila kuoneana haya. Mwanafunzi akitaka kuwasha utepe wa LED kwa ESP32, ile bodi ndogo ya kuprogramu, mara nyingi anapewa moduli ya mosfeti (swichi ya kielektroniki) aina ya IRF520 na kuambiwa aunganishe tu. Msimamo wangu ni kwamba mchanganyiko huo usifundishwe tena, na muuzaji anayeuandika "kwa ESP32" anampotosha mteja.

Pini ya ESP32 hutoa volti 3.3. Datashiti ya IRF520, yaani karatasi ya vipimo ya mtengenezaji, inaahidi ukinzani wa omu 0.27 pale tu geti, pini yake ya kupokea amri, inapopata volti 10. Wengi wanauruka mstari huo na kushika ule wa "volti 2 hadi 4", wakidhani hapo ndipo mosfeti inapofunguka. Sivyo. Mstari ule unataja volti ambayo mkondo wa mikroampea 250 unaanza kupita. LED moja ndogo ya mazoezi hutumia hadi miliampea 20, yaani mara 80 ya hapo. Na kwa kuwa kiwango kinafika hadi 4, ipo IRF520 halali kabisa, isiyo bandia, ambayo kwa volti 3.3 haijaanza kupitisha hata hicho kidogo.

Sasa tazameni mzigo. Utepe wa LED za aina ya 5050, wenye LED 60 kwa mita, wa volti 12, hula takriban wati 14.4 kwa mita. Rola ya mita 5 ni wati 72, ampea 6. Mosfeti iliyofunguka nusu haiupitishi mkondo huo bure: zikibaki volti 3 juu yake huku ampea 2 zikipita, hizo ni wati 6 za joto. Umbo lake, liitwalo TO-220, bila bati la kupozea hupanda takriban nyuzi 62 kwa kila wati. Pigeni hesabu wenyewe. Hata ukiipa geti volti 10 kamili, kwa ampea 6 IRF520 inachoma karibu wati 10. Kwa rola nzima haifai, iwe volti 3.3 au vinginevyo.

Mwalimu wa chuo cha ufundi

Mkuu, hesabu zako sizipingi, ila unawasahau wanafunzi. Kijana anayeanza anahitaji kuona taa imewaka kwanza. Ukimtupia datashiti ya kurasa nane siku ya kwanza, wiki ya pili humuoni darasani. Mimi natumia bodi ya Arduino Uno ya volti 5 na kipande kifupi cha utepe, kisichofika hata nusu ampea. Kinawaka, kinafifia kwa PWM (kuwasha na kuzima kwa kasi), na somo limeingia. Moduli ina skrubu za kubana waya, haihitaji kulehemu. Ukiiondoa, nipe mbadala ambao duka la spea la mkoani wanao leo, si wa kuagiza kwa mwezi mzima.

Fundi wa taa za mapambo

Mbadala upo, mwalimu: mosfeti ya IRLZ44N. Hiyo herufi L ndiyo inayokuambia inafunguka kwa volti za mantiki. Nazifunga kwenye kumbi na baa, hazinisumbui. Mjadala huu mbona mwepesi?

Mfungua mada

Fundi wangu, IRLZ44N ni nzuri na kwa Uno naiunga mkono kwa moyo wote: kwa volti 5 inaahidiwa miliomu 25, hivyo ampea 6 zinaleta wati 0.9 tu. Lakini soma mistari inayofuata. Kwa volti 4 ni miliomu 35, na hapo ahadi inaishia. Kwa 3.3 mtengenezaji hajaahidi chochote. Zako zinafanya kazi kwa kuwa umepata nzuri, au mzigo ni mdogo. Kazi ya mteja haifai kujengwa juu ya bahati. Kwa 3.3 tafuta mosfeti yenye mstari wa volti 2.5, kama AO3400A, ambayo haizidi miliomu 48 hapo. Shida yake ni udogo: igawie nusu ya rola, si rola nzima.

Mwalimu, hoja yako ya kumtia moyo mwanafunzi naiheshimu. Ninachokataa ni kumwachia aondoke akiamini kwamba alichokifunga kwa nusu ampea atakifunga vilevile kwa ampea 6 dukani kwa shangazi yake.

Dada anayeunda vifaa vya kuangulia vifaranga

Nawasikiliza wote mnahangaika na namba ya mosfeti, wakati tatizo ni volti ya geti. Utepe wenyewe unakuja na volti 12. Kwa nini tusizitumie? Mimi naweka transista ndogo ya BC547 na rezista mbele, geti inapanda hadi 12, na mosfeti ya IRFZ44N ya kawaida, ambayo nimeikuta kila duka nililoingia, inafunguka kabisa.

Mfungua mada

Dada, hapo umegusa penyewe, ila kuna mitego miwili. BC547 inageuza amri: ESP32 inapoanza kuwaka, pini haijaamua, na utepe unang'aa wote. Pili, rezista ya kupandisha geti. Ukiweka kilo-omu 10, inatoa takriban miliampea 1 tu, na geti ya IRFZ44N inaweza kutaka chaji ya nanokulombu 63 ili ijae. Hiyo ni zaidi ya mikrosekunde 60 kila inapofunguka. Kwa PWM ya hezi 5,000, mzunguko mzima ni mikrosekunde 200. Karibu theluthi ya muda geti bado inajazwa, na mosfeti inachemka. Shusha rezista hadi kilo-omu 1, au tumia TC4427, chipu ya kusukuma geti: inakubali amri ya volti 3.3, inasukuma geti kwa 12, na haigeuzi amri. Na pini yake ya kuingiza ishara ipewe rezista ya kilo-omu 10 kwenda graundi.

Mwalimu wa chuo cha ufundi

TC4427 mkoani kwangu haipo. BC547 na IRFZ44N zipo. Nitakubali kubadilisha somo kwa sharti moja: mwanafunzi apime kwanza moduli ileile ya IRF520 kwa multimita, dreni hadi sosi (pini mbili ambazo mkondo wa taa hupitia), taa ikiwa imewaka kwa nguvu zote, kisha apime mzunguko wa dada. Moduli sitaitupa. Aione ikibakiza volti zake mwenyewe.

Mfungua mada

Kwa sharti hilo nakuunga mkono, mwalimu, na fyuzi iwepo kwenye waya wa chanya kabla ya kuwasha. Kwa wauzaji bado sijalegeza. Waandike volti ya geti kwenye pakiti. Mwenye duka aliyemo humu atueleze kinachomzuia.