Mrejesho: yule ndugu niliyedhani amepoa kiroho

Wapendwa, niliomba ushauri wenu kuhusu ndugu tuliyeokoka pamoja: haombi kwa sauti, hashuhudii, nikahofu amerudi nyuma. Wengi mlisema nisimsukume, nimwombee. Mmoja akanipa Marko 4:26-29, mbegu inayoota na kukua asivyojua mpanzi. Andiko hilo limenishika kwelikweli!

Juzi nilikaa naye, nikamsikiliza tu. Kumbe muda wote huo amekuwa akipigana kumsamehe baba yake, na amemsamehe. Hakuna ibada ambayo ingenionyesha hilo.

Paulo naye alikuwa kifungoni, mbali na Wafilipi, lakini alikuwa na hakika kwamba Mungu aliyeanza kazi njema mioyoni mwao ataimaliza (Wafilipi 1:6). Bado namwombea ndugu yangu, naye nimemwomba aniombee. Asanteni sana.