Naomba ushauri: albamu ya michoro ya safari, karne ya 19, ibanduliwe au iachwe?

Wakuu, naomba msaada. Albamu ni ya mchoraji wa ridhaa Mwingereza: mandhari ya mto Rhine, penseli na rangi za maji. Karatasi moja ukiimulika kwa nyuma inaonyesha alama ya maji (chapa ya mtengenezaji iliyo ndani ya karatasi yenyewe) J WHATMAN 1836, kwa hiyo mchoro wake haukuchorwa kabla ya mwaka huo.

Tatizo ni kurasa zilizobandikiwa michoro. Zina asidi, zimekuwa kahawia, zinameguka pembeni, na rangi hiyo ya kahawia inahamia kwenye michoro. Kuloweka hakufai, rangi zitatoka. Kwa sasa kila ukurasa umetenganishwa kwa karatasi isiyo na asidi, unyevu wa chumba asilimia 50.

Je, gundi ya wanga iliyoshika michoro ilainishwe kwa uji mzito wa selulosi (unaotia unyevu kidogo kidogo) ili michoro ibanduliwe, au albamu ibaki nzima? Mpangilio wa kurasa ndio unaoonyesha njia aliyopita.