Wastaafu tulioitwa tena kazini Marekani: majukumu tunaongezewa, cheo hatupandi

Wakuu, nina hasira na sitaificha. Nasema na ndugu zangu wa diaspora tuliovaa magwanda ya Marekani, hasa tuliostaafu tukiwa mameja na maluteni kanali, kisha tukaitwa tena. Nani kati yenu alielezwa waziwazi, kabla hajasaini, kwamba ukirudi hupandi tena?

Sheria zao za majeshi, kifungu cha 688, zinaruhusu mstaafu aitwe kazini hata kama hataki. Kifungu cha 689 kinasema unarudi na cheo ulichostaafu nacho, au kile cha juu zaidi ulichowahi kukitumikia vizuri. Halafu kinakuja cha 641, na hapo ndipo penye uchungu wangu: ofisa mstaafu aliye kazini ameondolewa katika utaratibu mzima wa bodi za kupandisha vyeo. Siyo kwamba umeshindanishwa na wenzako ukashindwa. Jina lako halifiki mezani kabisa.

Mimi ni mtu wa tiba. Nilirudi na umeja wangu, nikakalishwa kwenye kiti ambacho ikama inakitaja kuwa cha luteni kanali. Zamu za usiku nikipanga mimi, ripoti za tathmini za makapteni nikiandika mimi. Mmoja wao ripoti yangu ilimbeba mpaka kwenye bodi, akapata umeja, nikampigia makofi kwa moyo wote maana anastahili. Ilipofika zamu yangu, mkuu wangu aliandika maneno mazito ya kunipendekeza. Karani wa utumishi akamwambia ayafute, hakuna bodi itakayoyasoma. Sasa napimwa ili iweje?

Wanaoitetea kanuni hii husema mstaafu anakuja kuziba pengo kwa muda mfupi, asiwabanie vijana nafasi. Muda mfupi upi? Ni kweli 688 inaweka ukomo wa miezi 12 katika kila miezi 24. Lakini kifungu hicho hicho kinawatoa watu wa afya na makasisi, na katika vita au hali ya hatari ya kitaifa ukomo huo unaweza kuwekwa kando. Hali ya hatari iliyotangazwa Septemba 14, 2001 imekuwa ikihuishwa mwaka hadi mwaka! Yaani sisi tunaoweza kubakizwa muda mrefu ndio hao hao tuliofungiwa mlango.

Afadhali jeshi la anga. Mwaka 2017 lilipopungukiwa marubani na kuwaomba wastaafu warudi kwa hiari, liliwaambia mapema kwamba hawatafikiriwa kupandishwa cheo. Mtu aliamua akijua.

Na msiniambie kustaafu kunaua sifa ya kupanda. Dan Caine alistaafu mwishoni mwa 2024 akiwa luteni jenerali. Februari 2025 Rais Trump akamteua, Aprili Seneti ikampitisha kwa kura 60 dhidi ya 25, leo ni jenerali wa nyota nne na mwenyekiti wa wakuu wa majeshi. Simlaumu, wala hakuvunja sheria. Nafasi za juu kabisa zina njia yake ya rais na Seneti. Ila meja anayeshinda wodini hana njia yoyote.

Najua pensheni inakokotolewa upya, asilimia 2.5 kwa kila mwaka wa nyongeza. Nashukuru kwa hilo, lakini siyo jibu la swali langu.

Ninachodai ni Kongresi irekebishe 641: aliyerudishwa akatumikia zaidi ya mwaka mfululizo apelekwe kwenye bodi, kwa nafasi za pembeni zisizokatwa kwenye fungu la vijana. Na katazo hili liandikwe kwenye ukurasa wa kwanza wa fomu ya kurudi, siyo mtu aje kulisikia kwa karani.

Naandaa barua kwa mbunge wa jimbo ninaloishi. Kama kuna aliyewahi kumwandikia wake kuhusu jambo hili, aweke hapa alijibiwa nini, na kama kuna kasisi au daktari aliyekwama kama mimi, ajitokeze tusaini pamoja.