MJADALA: Wauza lambalamba wa mikokoteni huko Marekani, wakatiwe kibali kama maduka au waachwe?

Mtoto_wa_Ilala: Wadau habari za humu. Mi napiga kazi Chicago, jirani na 26th Street, mtaa wa Little Village, wenyewe Wameksiko wanauita La Villita. Joto likianza tu unasikia kengele, anakuja mzee anasukuma mkokoteni mweupe, ndani kuna paleta, yani lambalamba za matunda za kijiti, za maji kuna ndimu, embe la pilipili na ukwaju (ukwaju huu huu wa kwetu), za maziwa kuna nazi, stroberi, mpaka ya wali wa maziwa ambayo mi nilicheka nikaionja nikanyamaza. Muuzaji wanamwita paletero.

Sasa ugomvi wenyewe ndo huu, wenye maduka wanasema hawa jamaa wanakula wateja wao bila kulipa pango, wengine wanasema mwacheni mzee wa watu. Mi naona wote wanamkaba mtu siye. Wengi wao mkokoteni sio wa kwao, asubuhi unachukuliwa depo, yani ghala la mwenye mikokoteni, pamoja na mzigo na barafu kavu, jioni wanafanya hesabu. Kwa hiyo kibali kiwepo, faini iwepo, ila vyote vibebwe na mwenye depo. Mnasemaje?

Mangi_Texas: Mi nitasema kama mtu wa duka maana ndo kazi yangu. Nalipa pango, bima, kodi ya mauzo, mtu wa afya anakuja anafungua friji anapima joto, halafu mtu anasimama mlangoni kwangu na kengele anauza kitu kilekile robo ya gharama yangu. Huruma sikatai lakini sheria ikichagua sura za watu sio sheria tena, na usiniambie mkokoteni ni wa depo, hela anashika nani pale?

kanjo_hawanipati (LA): Wasee mnaongea kama hii kitu haijawahi kujaribiwa. California walishafanya. Kabla ya 2017 hapa Los Angeles kuuza kwa pavement ilikuwa kesi ya jinai, si faini ya kawaida, na kesi kama hiyo kwa mtu hana makaratasi inaweza kumharibia mambo ya uhamiaji kabisa. Walipoona Trump ameingia wakaiondoa mbio mbio. 2018 gavana wa California, Jerry Brown, akasaini sheria inaitwa SB 946, ikaanza Januari 2019, miji yote ya jimbo ikakatazwa kumshtaki hawker kijinai, na kwa kibali unaweza tumia namba ya leseni ya udereva ama ya kodi badala ya namba ya social security, ile ya hifadhi ya jamii.

Lakini sasa skiza, kibali cha jiji kilikuwa dola 541 kwa mwaka!! Na hiyo haijaweka karatasi ya watu wa afya wa kaunti. Nani anauza barafu ya dola mbili tatu atatoa hiyo? Watu wakaendelea tu bila. Hadi 2024 jiji likaishusha ikawa dola 27.51. Hapo ndio unaona shida haikuwa watu kukataa sheria.

Bi_Mwanaidi: Mkokoteni wa depo ndio, mwanangu, lakini miguu ni ya nani? Kuna yule mzee wa hapohapo Chicago, Fidencio Sánchez, 2016 alikuwa na miaka 89 bado anasukuma, binti yake alikuwa amefariki, wajukuu wanamtegemea. Kijana mmoja akampiga picha mgongo umepinda, wakaomba mchango wa dola 3,000, zikaingia zaidi ya 380,000. Watu walifurahi sana. Mimi sikufurahi. Mmoja kapigwa picha, wangapi wamepita mtaa ule bila ya picha? Mnabishana kibali, na mtu wa miaka themanini na tisa hana hata pensheni.

Mangi_Texas: Bi Mwanaidi hilo la pensheni ni mada nyingine kabisa mama, fungua uzi wako tutakuja. Mi bado niko kwenye usafi.

Mtoto_wa_Ilala: Usafi kwenye taco, vile vyapati vya Kimeksiko vyenye nyama, za kukaangwa barabarani nitakuelewa, maana pale pana nyama mbichi na maji ya kunawa hakuna. Ila paleta nyingi za mikokoteni zinatoka kiwandani zishafungwa kwenye karatasi, anachofanya mzee ni kufungua mfuniko na kukupa. Umkague nini, vidole? Kakague kiwanda. Ndo maana nasema depo.

Nuru_wa_Bujumbura: Jamani na hiyo orodha ya majina ya wenye vibali mmeifikiria? Juni 2025 maafisa wa uhamiaji walipoingia Los Angeles walimkamata paletero mmoja kule Culver City, picha ikazunguka, mkokoteni umebaki peke yake kando ya barabara. Baada ya hapo wauzaji wengi walijifungia ndani, bei ya kibali imeshuka ndio, lakini nani ataenda kujiandikisha na anwani yake? Mimi nimekulia kambini, najua mtu anavyoogopa kuandikwa.

kanjo_hawanipati (LA): Nuru umesema. Na hiyo ya depo, bro wa Ilala, hujaiwaza hadi mwisho. Ukimpiga faini mwenye depo kesho yake ataanza kuuliza makaratasi kwa kila mtu anachukua mkokoteni, wazee wasio nayo watatoka kwanza. Ama atakata hiyo faini kwa hesabu ya jioni, na mzee atajuaje?

Mtoto_wa_Ilala: Ya hesabu ya jioni umenipiga, hiyo sina dawa yake. Ya makaratasi ninayo: kibali kisome namba ya mkokoteni, sio jina la mtu. Mkokoteni namba 14 wa depo fulani, umekaguliwa, umelipiwa, anausukuma nani leo jiji lisiulize. Mangi, hiyo kodi si itakuwa imelipwa?

Mangi_Texas: Ikilipwa sawa. Ila asisimame mlangoni kwangu.