Ushauri: Nakuru au Maasai Mara kwa familia inayotaka kuona simba na chui?

Mzazi wa Kondele

Hamjambo ndugu zangu. Tunaishi Kisumu, na mapema Desemba, shule zikiwa zimefungwa, ningependa kuwapeleka wanangu wawili pamoja na mama yangu mzazi wakaone paka wakubwa porini. Hifadhi ya Impala hapa mjini wameizoea, ila simba na chui wa pale wamo ndani ya vizimba, na mdogo ameanza kuuliza iwapo simba wote hulishwa na watu. Fedha nilizoweka zinatosha safari moja tu, ama Nakuru ama Maasai Mara. Mama anasumbuliwa na mgongo, kwa hiyo barabara ni jambo la kuzingatiwa. Tuna gari dogo la kawaida. Mngenishauri vipi?

Olkejuado

Kama shabaha yenu ni paka, nendeni Mara bila kusita. Hifadhi ile ina ukubwa wa kilomita za mraba 1,510 hivi, nyasi zake ni wazi, na simba huishi humo kwa makundi yenye madume, majike na watoto, hata mgeni asiye na bahati huwaona. Duma naye hayupo Nakuru; ukimtaka huyo, hakuna mjadala. Desemba nyumbu wengi watakuwa wamekwisha kurudi Serengeti, lakini jambo hilo lisikuvunje moyo, kwa sababu simba hawahami pamoja nao: kila kundi lina eneo lake na hubaki hapo likiwinda pundamilia, nyati na ngiri. Isitoshe, msongamano wa magari wa Julai hadi Oktoba huwa umepungua. Kumbuka tu kwamba Mara iko chini ya Kaunti ya Narok, si Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, hivyo ada zake na utaratibu wa malipo ni tofauti.

Mama Bahati, Nakuru

Ndugu Olkejuado amesema kweli kuhusu wingi wa simba, ila amempita bibi kando. Kutoka Kisumu hadi Nakuru kupitia Kericho ni lami mwanzo hadi mwisho, na mbuga yenyewe imepakana na mji. Ndani yake, kilomita za mraba 188 zilizozungushiwa ua, hamtakaa garini kutwa mkitikisika. Sisi wenyeji tunajivunia chui wetu zaidi ya simba, maana misitu ya migunga inampendeza, ingawa kumwona ni kazi ya macho na subira.

Naomba niseme jinsi anavyotafutwa, kwa sababu wageni wengi hupita chini yake wakikimbilia ziwani. Endesheni polepole mno, mkitazama matawi mazito yanayolala mlalo, na mtafute mkia unaoning'inia kabla ya kutafuta mnyama mwenyewe. Madoa yake hupotea kabisa katika kivuli cha majani, lakini mkia hunyooka chini kama kamba iliyosahauliwa. Mkisikia nyani wakibweka kwa hasira au mkiona swala pala wamesimama wima, masikio yote yameelekea kichaka kimoja, zimeni injini na msubiri. Simba wa Nakuru nao wana desturi ya kupanda miti, hasa upande wa kusini, kwa hiyo msiangalie nyasi peke yake.

Dereva Mstaafu

Ninaongezea jambo la saa. Simba anaweza kulala hadi saa ishirini kwa siku, na anayeingia mbugani saa nne asubuhi baada ya chai ndefu hulipia kutazama mgongo kichakani. Lango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi; muwe hapo wakati huo, na kwa hiyo mlale Nakuru usiku uliotangulia. Malipo ya mbuga za Shirika hufanywa mtandaoni kupitia eCitizen, si kwa fedha taslimu langoni, basi yakamilisheni mapema na mbebe vitambulisho ili mtozwe kiwango cha raia.

Watoto wasitoe mikono wala vichwa dirishani, na mtu asishuke garini ila mahali palipoandikwa kuwa panaruhusiwa, hata kama gurudumu limepasuka; pigieni simu askari wa mbuga. Kwa wale watakaochagua Mara, kuna kanuni ya magari yasiyozidi matano kwa paka mmoja, na mimi naona hata hayo ni mengi kwa duma. Yeye huwinda mchana, na magari yakimzingira swala humshtukia, watoto wake wakalala njaa. Dereva wenu akiombwa na abiria aache njia ili awasogeze karibu, mkatazeni nyinyi wenyewe.

Mzazi wa Kondele

Nawashukuru nyote. Mgongo wa mama umeamua: tutakwenda Nakuru, na duma atasubiri mwaka mwingine. Nina swali moja lililobaki. Je, gari dogo litafaa, ikizingatiwa kwamba mvua za vuli huweza kuchelewa kwisha?

Mama Bahati, Nakuru

Litafaa katika njia kuu, mradi msiingie vijia vya kando vyenye udongo mweusi unaonata. Msitegemee ramani ya zamani pia, kwa kuwa ziwa limepanda sana tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010, likafunika barabara kadhaa na hata lango kuu la awali. Mvua ikinyesha usiku ule, liacheni gari lenu mjini mkodi la juu lenye paa la kuinuka. Bibi atakaa vizuri zaidi, na watoto wataona miti bila kupanda viti.